Mlango Alioufungua Naomie

Naomie Tumukunde alikuwa na tabia moja iliyompa sifa Muheto nzima: kila akiandika amri kwenye mashine, anaihifadhi papo hapo. Jenereta ya chama cha wakulima ilizoea kuzima bila kuaga. Tabia nzuri, jamani, mpaka siku ilipomgeuka.

Kompyuta kuu ya chama ilitunza orodha ya familia zilizorudi mashambani baada ya kukimbia wenye silaha: jina, simu, kilima, shamba. Mamake mwenyewe alikuwemo. Naomie ndiye aliyemwandika. Miaka yote mashine za ofisi zilitoka kwenye intaneti kwa anwani moja, zimejificha nyuma ya pare-feu, chombo kinacholinda mlango wa mtandao. Kisha tawi la Buleusa likataka kuisoma orodha moja kwa moja. Zikaletwa anwani za kudumu, na Naomie akazipitisha kwenye pare-feu bila kuzibadilisha. Sasa kompyuta kuu ilionekana duniani kwa anwani yake yenyewe, na kilichoikinga ni kanuni za pare-feu tu.

"Fungua yote kwanza, tuone kama inapita," alisema Papa Gustave, mkubwa wa ofisi. "Utafunga nyuma, tukishaona."

Akafungua, akahifadhi. Buleusa wakapiga simu wakishangilia. Akaandika kanuni ya kufunga, ipite Buleusa peke yake, nayo ikaanza kazi. Kabla hajaihifadhi, Mama Euphrasie, mke wa mchungaji, akaingia, na mgeni wa heshima hasalimiwi mtu akiwa ameketi. Naomie akainuka. Walipomaliza kuulizana habari za nyumbani, jenereta ilikuwa imezima.

Umeme uliporudi, pare-feu ilikumbuka kilichohifadhiwa tu: mlango wazi. Buleusa waliendelea kupita vizuri, na Naomie, aliyeuamini mkono wake kupita kiasi, hakukagua.

Siku ya nne asubuhi alifungua kumbukumbu za pare-feu. Anwani asiyoijua ilikuwa imeisoma orodha yote, mara mbili. Akafunga, akahifadhi, akakagua, akakagua tena. Simu ikalia.

"Naomie, kuko muntu amenipigia," alisema mamake. "Ameniita kwa jina. Anajua shamba yetu ya pa kilalo, pale pa daraja, anajua niko peke yangu kwa nyumba. Anasema anakuja kunisalimia. Ni wewe ulimupa namba yangu?"

Nyuma ya sauti yake jembe la jirani lilisikika likilima: Mama alikuwa shambani.

"Ndiyo, Mama," alisema Naomie. "Ni mimi. Acha jembe, toka kwa hiyo shamba sasa hivi."