Barua Isiyosema ni Nani

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka huweka kikombe chini kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya mradi mmoja wa afya hapa Bariadi, nimeketi mbele ya taipureta nikitunga sentensi moja ya Kiingereza. Moja tu. Nilikaa nayo tangu asubuhi hadi wenzangu walipotoka kwenda kula.

Wiki iliyopita uliponipigia simu kutoka ofisini kwenu Lagangabilili, ukaniuliza, "Baba, hili neno la Kiingereza likae kabla ya 'been' au baada yake?", nilikujibu harakaharaka nikakata simu. Najua ulidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi kwenye kiti kile. Ndiyo maana leo nakuandikia, na unisamehe nikienda polepole.

Mkuu wetu wa mradi alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, Kiswahili chake cha kuombea maji, kwa hiyo barua zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipotamba. Sekondari nilifundishwa vizuri. Nilijua kwamba Kiingereza kina namna ya kusema jambo limetendwa bila kumtaja aliyelitenda. Nilijua kwamba mwanzoni unatanguliza kijineno kama "may" ukitaka kusema huenda, au "must" ukitaka kusema hapana shaka, kisha katikati unachomeka neno la kueleza jinsi jambo lilivyotendwa. Wenzangu walichanganya mpangilio huo. Mimi sikuukosea, na nilipenda watu wajue kwamba siukosei.

Ofisini tulikuwa na mhudumu aliyeitwa Minza, mwenyeji wa Mwamanyili, mama wa watoto watatu aliyekuwa akiwalea peke yake. Alifagia, alichemsha chai, alipanga mafaili asiyoweza kuyasoma kwa kufuata rangi za majalada. Asubuhi alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, karani," hata nilipomjibu kwa Kiswahili cha mjini ili nionekane msomi. Unaona nilivyokuwa.

Sasa sikiliza. Binti mmoja wa Bukundi, Holo, alikuwa ameombewa nafasi ya kusomea uuguzi. Alileta cheti chake halisi cha kidato cha nne, mkuu akakitia kwenye bahasha pamoja na barua, akanikabidhi mimi mkononi nikaipeleke posta. Ilikuwa msimu wa ngoma baada ya mavuno. Niliifunga bahasha kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, na badala ya kwenda posta moja kwa moja nikapita uwanjani, ambako Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma, walikuwa wakishindana kucheza. Nilisema nitatazama kidogo. Nilitazama mpaka posta ikafungwa. Nilipoirudia baiskeli, mpira ulikuwa unaning'inia na bahasha haipo. Niliitafuta miguuni mwa watu mpaka vumbi likanijaa kooni. Sikuiona.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba mwema mmoja ataiokota ailete ofisini. Zikapita wiki tatu, kisha chuo kikaandika kuuliza cheti cha Holo kiko wapi. Mkuu akaniita akasema niandike maelezo, maana barua zote hupita kwangu.

Basi ndiyo asubuhi ile. Kwanza niliandika kwamba mimi niliipoteza. Nilichomoa karatasi, nikaichana. Kisha nikapiga hii: "The envelope may have been accidentally misplaced." Huenda bahasha imepotezwa kwa bahati mbaya. Niliisoma tena na tena. Nilijaribu kulitoa neno la bahati mbaya pale katikati nilipeleke mwisho, nikaona linapwaya, nikalirudisha. Niamini nikikwambia, mwanangu, kwamba kwa dakika chache nilisahau kosa langu kabisa, nikawa nafurahia tu jinsi sentensi ilivyokaa. Haikuwa na uongo ndani yake, na mimi sikuwemo.

Mkuu aliisoma, akatikisa kichwa. Akaniuliza bahasha ilikaa ofisini siku ngapi. Nikasema sikumbuki vizuri. Akauliza mezani kwangu nani hugusa karatasi. Nikasema, "Ni mhudumu ndiye anayepanga." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Siku ya pili yake alinipa barua aliyoiandika kwa mkono niipige taipu. Ilikuwa ya kumwachisha Minza kazi. Nilipofika mstari wa tatu nikaurudia kuusoma. Sentensi ilikuwa yangu. Alikuwa ameichukua kama ilivyo, akabadilisha maneno mawili tu. Pale nilipoweka "may" aliweka "must", na pale nilipoweka "accidentally" aliweka "carelessly". Hapana shaka bahasha imepotezwa kwa uzembe. Mengine yote hayakuguswa. Mimi nilijenga nyumba na kuacha kiti kitupu ndani, naye akamtafuta mtu wa kukikalia.

Niliipiga taipu ile barua. Sikukosea hata herufi moja.

Minza alikabidhiwa jioni, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumsomea, aliniletea mimi. Alisimama mbele ya meza yangu, kanga imefungwa kiunoni, mikono bado ina maji ya vikombe.

"Karani, inasemaje?"

Nikamwambia inasema kazi imekwisha. Akataka nimsomee yote. Nikasoma, nikatafsiri, nikafika pale. "Hapana shaka bahasha imepotezwa kwa uzembe."

"Imepotezwa na nani?"

"Haijasema."

"Haijasema jina langu?"

"Hapana. Hapo haijasema."

"Sasa kama haijasema, mbona ninayeondoka ni mimi?"

Nilichukua kalamu nikawa naizungushazungusha. Nilimwambia Kiingereza ndivyo kilivyo. Ndilo jibu nililompa, mwanangu. Alikunja barua mara nne, akaitia kifuani na kutoka. Asubuhi iliyofuata hapakuwa na wa kunisalimia kwa Kisukuma.

Holo alipata nakala ya cheti mwaka uliofuata, akaenda chuoni. Nilipoambiwa nilishusha pumzi, nikajidanganya kwamba mambo yamerekebishika. Lakini Bariadi wakati ule ilikuwa ndogo. Habari zilisambaa kwamba Minza wa ofisi ya mradi hutupa vyeti vya watoto wa watu, na wengine wakaongeza kwamba anaviuza. Hakupata tena kazi ya ofisi. Alirudi Mwamanyili kulima mpunga na wanawe watatu. Mimi nilipandishwa cheo, nikamwoa mama yako, nikawa mtu wa kuombwa kusahihisha barua za wengine. Kila nilipokutana na sentensi ya namna ile, mkono wangu ulikuwa mzito, na kila mara niliipitisha.

Mwaka huu, baada ya kustaafu, nilikwenda Mwamanyili, kule Busega, kumtafuta. Hukujua. Nilimwambia mama yako kwamba nakwenda Busega kuangalia shamba. Nilimkuta Minza ameketi uani akipepeta mpunga, nywele nyeupe, macho yake yale yale. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Akaitika, akanitazama, akataja jina langu kabla sijajitambulisha.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani. Yaliyotoka ni haya: "Bahasha ile niliipoteza mimi. Uwanjani, kwenye ngoma."

Hakuacha kupepeta. "Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nilipokuuliza imepotezwa na nani, uliangalia kalamu. Sikukuuliza ili nijue, karani. Nilikuuliza ili useme."

Nikapiga magoti pale kwenye makapi, mimi mzee mzima. Akaniacha hapo kidogo, kisha akasema niinuke, kwamba yeye alishamaliza habari zake na mimi kwa Mungu wake zamani. Ila alitaka kitu kimoja. Aliwaita wanawe wawili wanaoishi jirani naye, watu wazima wenye wajukuu, akasema, "Waambie na hawa. Wamekua wakitukanwa kwa ajili yangu."

Niliwaambia, kwa Kisukuma, kwa maneno ya mtu na tendo lake. Nimepoteza. Nimenyamaza. Nimemwacha mama yenu abebe. Binti alilia. Kaka yake mkubwa alisimama, akachukua jembe lake, akaenda shambani bila kuniaga, na sikumlaumu. Wa tatu alishafariki. Huyo sitaweza kumwambia kamwe, na ndicho kinachoniamsha alfajiri.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Jifunze Kiingereza chako vizuri, na lile neno uliloniuliza, ndiyo, likae baada ya "been". Sikukatazi kuandika kwamba kisima kimechimbwa au dawa zimepokelewa, kazi za ofisi zinahitaji hivyo. Lakini siku utakapokosea, na utakosea, utaona mkono wako unatafuta huenda, unatafuta bahati mbaya, unatafuta imepotezwa. Usimame hapo. Jiulize swali la Minza, na kama jibu ni wewe, andika jina lako mwanzoni mwa sentensi, siku hiyo hiyo, kabla wino wa mtu mwingine haujakauka juu ya jina la mwenzako. Wataweza kukukaripia, hata kukufukuza. Utapata kazi nyingine. Miaka ya mtu uliyemwacha abebe lako hutapata pa kuirudisha. Mimi nimeitafuta.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi" ungali kijana. Akujalie wakubwa wenye kusikiliza, na wahudumu watakaokusalimia asubuhi nawe ukawaitikia kwa lugha yao. Na hilo ulilojaliwa kichwani lisimgharimu mtu yeyote machozi. Ubarikiwe, mwanangu.