Tumbo Lililonenepeshewa Kondoo

Watu wa rika langu wakikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanakumbuka sabuni. Tulikuwa tumezoea foleni ya kugombania kipande, mara duka la njia panda likawa na sabuni za kila rangi, khanga mpya, na betri za redio zisizovuja. Na mimi nakumbuka sabuni, ila yangu iliisha haraka kuliko ya mtu yeyote. Nilikuwa nafua sana. Damu yangu ya mwezi ilikuwa ikija haitaki kuondoka, na mambo hayo mwanamke wa kwetu haaniki mbele za watu. Nilishuka mferejini alfajiri, kabla ya wenzangu, maji yakiwa baridi ya kukata vidole, nikafua, nikarudi kukoroga uji.

Tuliishi juu ya Tengeru, ndani ya migomba na kahawa. Nyumba yetu na ya mama mkwe wangu zilitazamana. Nilikuwa na miaka thelathini na ushee, nina mtoto mmoja, binti, na baada yake hakuna kitu kilichokaa tumboni. Mume wangu hakusema neno. Mama yake naye hakusema, lakini alikuwa anajua kunyamaza ukamsikia.

Kisha tumbo likaanza kutoka. Upande wa chini, gumu. Mimi nilijua si mtoto, maana mtoto niliwahi kumbeba. Mtoto anacheza. Hiki kilikaa tu, kizito, kama jiwe la kusagia. Nikibeba mkungu wa ndizi kwenda soko la Tengeru, kiuno kinaniuma hadi natamani kuutupa njiani.

Sasa, kwetu mwanamke akiwa na mimba hatangazi. Anakana. Mwenye tumbo la miezi saba ukimwuliza, atakuambia ameshiba loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando. Ni kuogopa macho ya watu, na kila mtu anaelewa, kwa hiyo kukana kwenyewe ndiko kutangaza. Mimi sikuwa na habari hiyo kichwani siku wifi yangu aliponikuta napumzika kando ya njia, mkungu uko chini.

"Wifi, naona mambo," akasema.

"Mambo gani?"

"Hayo yaliyokutangulia mbele."

"Ni ugonjwa, wifi. Nina uvimbe."

Akacheka akashika mti. "Hata mimi niliugua huo mara nne. Wote wananiita mama."

Akauchukua mkungu wangu akajitwisha. Tangu siku ile sikuruhusiwa kubeba kitu. Nikisema "si mimba", wanatazamana na kutikisa kichwa, kama vile nimefunzwa vizuri kwetu. Nilipoona imezidi nikaenda kwa mama mkwe, nikamwambia waziwazi kwamba natoka damu na ninaumwa. Mama alikuwa amepokea watoto wengi wa mtaa wetu, kwa hiyo alijiamini. Akanilaza kitandani kwake, akapapasa, akabonyeza pale pagumu.

"Kichwa hiki," akasema. "Kigumu hivi ni cha dume."

"Mama, na damu je?"

"Wapo wanaotoka damu na mtoto yumo. Acha kubeba ndizi."

Wiki ileile akafunga kondoo ndani ya nyumba. Kondoo wa uzazi, wale wa kulishwa hapohapo mpaka mafuta yajae mkiani, mzazi aje kunywa mchuzi wake. Kila asubuhi namwona mama mkwe, mtu mzima mwenye magoti mabovu, anamkatia majani ya mgomba na kumsemesha. Hakuna kitu kilichoniuma mwaka ule kama sauti ya yule kondoo akitafuna.

Mume wangu yeye aliniamini. Tukaenda mjini.

Zamani daktari alikuwa wa serikali au wa misheni, basi. Miaka ile ndipo walianza kufungua vyumba vyao wenyewe. Huyu tuliyemwendea alikuwa na vyumba viwili mtaa wa Ngarenaro, ukutani kwa gereji, ukieleza shida zako inabidi ungoje fundi amalize kugonga bati. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alinipima, akanituma hospitali kubwa kupigwa picha ya tumbo, nikarudi nayo. Akaniambia ni uvimbe wa kizazi, si saratani, na wanawake wengi wanao, wengine hawajui hata siku moja.

Nikamwuliza kilichonisumbua rohoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimetumia vidonge vya uzazi wa mpango, na wanawake mferejini walikuwa wanasema vidonge vinaganda tumboni.

"Mama, havigandi," akasema. "Siwezi kukuambia vidonge ndivyo vimekuletea huu. Kuna wanaovitumia na damu ikapungua, uvimbe ukatulia. Kuna ambao uvimbe unaendelea kukua. Miili haifanani. Ninachojua ni kwamba huu unaishi kwa homoni za mwili wako mwenyewe. Zikiwepo, unakula. Siku ukikoma kuona mwezi, kwa kawaida unasinyaa wenyewe."

"Nikomeje na bado nataka mtoto?"

Hapo akavuta kiti karibu. Fundi, bahati, alikuwa amenyamaza. Akanieleza kwamba uvimbe wenyewe ulikuwa mkubwa. Ukikatwa vile ulivyo, damu inaweza kumwagika nyingi, na huenda wakalazimika kuondoa kizazi chote ili nipone. Lakini kuna sindano, inachomwa mara moja kwa mwezi, inanyamazisha zile homoni kwa muda. Uvimbe unanyimwa chakula, unapungua, damu inakauka, mwili unapata nguvu. Ukishapungua ndipo wanaukata, wakijitahidi kukiacha kizazi mahali pake.

"Na nikiishia kwenye sindano tu?"

"Ukiacha sindano unarudi. Na sindano hizi si za kuchoma miaka, zinakula mifupa."

Nililielewa hilo bila shida. Shambani kwetu kuna magugu ya ndago. Ukifunga maji ya mfereji, ndago inageuka njano, unafurahi. Fungulia maji, baada ya siku chache imejaa tena, kwa sababu kile kitunguu chake kiko chini hujakigusa. Nikamwambia daktari, "Basi nifungie maji, halafu ung'oe." Akacheka, akasema atakayeng'oa ni mwenzake wa hospitali, yeye atafunga maji.

Sindano ilitoka Nairobi, ikavuka Namanga ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Tulilipa kwa nyanya. Mume wangu alikuwa ameng'oa kahawa upande mmoja akapanda nyanya, wazee wakamsema kweli, lakini nyanya ndizo zilizonichoma sindano.

Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Wa pili, damu ikakata. Nilisahau hata njia ya mferejini alfajiri. Halafu likaja joto. Wakati ule mlima Meru umejifunika ukungu, wenzangu wamejifunga mashuka mawili mawili, mimi nasimama mlangoni nimefungua vifungo, jasho linatiririka kifuani. Wifi akaniona, akamwita mama aje aone. Mwezi umekata, joto limepanda: walitaka ushahidi gani tena? Kondoo akaongezewa magadi.

Ila mwezi uliofuata tumbo likaanza kurudi ndani. Sketi iliyokuwa inanibana ikawa inazunguka kiunoni. Kwangu ilikuwa furaha, nilijipima kwa kamba ya khanga kila nikioga. Kwao ilikuwa jambo jingine. Nilisikia kwa mwanamke wa jirani, pale dukani, kwa sauti ile ya kunong'ona ili usikie: wanawake wa siku hizi na madawa ya Ngarenaro, wanatoa watoto wa watu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakuniangalia.

"Mama, shikamoo."

Hakuitika. Mama yule, aliyemwitikia hata mlevi.

"Umesikia wanavyosema?"

"Nimesikia. Niambie mwenyewe. Kilikuwa kichwa, nimekishika kwa mikono yangu. Kimeenda wapi?"

"Nishike tena."

"Sishiki."

"Basi kesho twende wote kwa daktari. Ukirudi hujaniamini, nifukuze."

Alikwenda. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya mwanawe. Pale Ngarenaro alimtazama daktari kama anamtazama mwizi wa kuku. Daktari akamwamkia, "Shikamoo, mama," kwa heshima, akamweleza yote. Mama akageukia ukuta wa gereji. Daktari akafanya jambo ambalo hadi leo namshukuru: akasogea kando, akamwambia, "Mshike wewe."

Mama akaweka mikono. Akapapasa polepole, juu, chini, akabonyeza palepale. Kilikuwepo, kigumu vilevile, lakini kimekuwa kama embe, si kama nazi. Alikaa hivyo muda mrefu na fundi anagonga bati upande wa pili. Kisha akasema, si kwetu, kwa mikono yake:

"Mtoto hapungui."

Akakaa kwenye benchi akajifuta uso na kitenge. "Nimekusumbua bure, mwanangu. Nimelilishia jiwe kondoo."

Tulipofika alimwita wifi na yule jirani wa dukani, akawaambia kwa Kimeru maneno ambayo siyataji. Hawakurudia tena.

Nilidhani yamekwisha. Yalikuwa yamebaki yangu na mume wangu. Daktari alisema huu ndio wakati, uvimbe uko mdogo, damu imerudi mwilini, asichelewe mtu. Mume wangu, aliyeniamini siku zote, akaanza kutapatapa.

"Umepona," akasema. "Damu hakuna. Tumbo hakuna. Tukuchanie nini?"

"Hajapona mtu. Umefungwa mfereji tu."

"Tungoje tuvune nyanya."

"Ukingoja, sindano inaisha nguvu, kinarudi kilivyokuwa, na safari hiyo watachukua kizazi chote. Mimi nina mtoto mmoja."

Akainamisha kichwa. Nilijua si nyanya. Baba yake mdogo aliingia chumba cha kukatwa na hakutoka, na yeye ndiye aliyemsubiri mlangoni. Alikuwa anaogopa, na mwanaume wa kwetu akiogopa anazungumzia mavuno.

Mama alikuwa anatusikia kutoka upande wake. Akavuka uwanja, akaingia bila hodi.

"Siku ya soko mpeleke yule kondoo ukamwuze," akamwambia mwanawe. "Nilimlisha kwa ajili ya tumbo hili. Kama ni la kukatwa, alipie kukatwa."

"Mama, na akifa?"

"Na asipokatwa, akitoka damu mpaka aishe? Utamzika na nyanya zako?"

Kondoo akaenda sokoni. Mume wangu alirudi na kamba mkononi, akaanza kunifungia nguo zangu kwenye kikapu.

Hospitalini, kabla sijalazwa usingizi, daktari wa upasuaji alinitaka nielewe kwamba hatoi ahadi. Akikuta hali mbaya ataokoa uhai kwanza. Nikamwambia nimeelewa. Nikaweka kidole gumba kwenye karatasi.

Nilipoamka sikuuliza maumivu. Mdomo ulikuwa mkavu, ulimi hauzunguki, nikamshika nesi aproni.

"Kipo?"

"Nini, mama?"

"Kizazi."

"Kipo," akasema. "Lala."

Mama alikuwa pembeni ya kitanda, mikono mapajani. Nikamgeukia nikamwambia, "Mama, kipo." Akasema amesikia, hajawa kiziwi. Kisha akatoka nje ya wodi, na kupitia dirishani nikamwona anatembea juu chini kwenye majani, na kile kitenge amejifunika kichwa chote.

Daktari wa upasuaji alinionya kwamba homoni zangu zimerudi kazini na vivimbe vingine vinaweza kuota. Viliota, viwili vidogo, vikakaa kimya, na mwezi wangu ulipokoma uzeeni vikasinyaa kama alivyosema yule wa Ngarenaro. Lakini kabla ya hapo, msimu wa nyanya wa pili baada ya kupona, nilizaa. Kwa kupasuliwa, maana waliogopa lile kovu lisiachie. Msichana. Mume wangu alikimbia kutoka hospitali kupeleka habari. Mama akaacha kila kitu, akaja vilevile alivyo, miguu ina udongo wa shambani, nesi akamzuia mlangoni aoshe kwanza. Nilimsikia anagombana naye koridoni.

"Binti yangu, niosheni hata kwa spiriti, lakini fanyeni haraka. Nimemngoja huyu mtu muda mrefu."