Maji ya Safari ya Magesa

Niliondoka Makoko asubuhi, ziwa likiwa bado ndani ya ukungu, kwa sababu nilisikia Magesa anasafiri tena. Magesa ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Zamani alikwenda ng'ambo kulipwa kwa kucheza besiboli, mchezo wa rungu na mpira mdogo. Kazi yake ilikuwa kulinda uwanja wa mbali kabisa, kule mpira unakotua baada ya kupaa. Siku aliyoondoka nilimnyima maji. Kwetu mzee hupiga funda la maji akampulizia msafiri kifuani kama baraka. Mimi nilifunga mdomo, nikasema mtu mzima halipwi kwa kukimbiza mpira. Bega lilipomharibikia akarudi, akawa kocha Butiama. Sasa ameitwa kufundisha nchi nyingine, na sikutaka aondoke mkavu mara ya pili.

Njia panda ya Butiama nilipita bila kushuka. Maji hayapulizwi mama akiwa hayupo, kwa hiyo nilikwenda kwanza Bunda kwa shemeji Nyabise, mama yake. Mashamba ya pamba yalikuwa meupe pande zote. Nilisinzia, nikaona kama ukungu wa ziwa umenifuata.

Bunda nilimkuta shemeji akichambua pamba uani. Alinitengea ugali na dagaa, akaniangalia nikila.

"Mdomo umefunguka siku hizi, shemeji?"

Nikamjibu umefunguka, ingawa meno yamepungua. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na kitenge kipya na kibuyu cha maji.

Butiama tulifika jua likianza kuinama. Magesa alikuwa uwanjani na wasichana wa sekondari, akipiga mpira kwa mkono mmoja, ule mzima. Mpira ulipanda ukapotea kwenye weupe wa mbingu, kimya, hata nikadhani hautarudi. Msichana mmoja akaanza kuukimbiza.

"Usiufuate nyuma," Magesa akamwambia taratibu. "Tangulia unakoangukia, uusubiri huko."

Shemeji akaninong'oneza kwamba Magesa utotoni hata ng'ombe alikuwaga hawakimbizi. Alikuwa anatangulia kule watakakotokea.

Magesa alikuja akamwamkia mama yake, kisha mimi. Akakiona kibuyu.

"Baba mkubwa, mkono wenyewe umeshakwisha."

"Sikuja kwa ajili ya mkono."

Wasichana walisimama, glovu zao zikining'inia. Kisha Magesa akavua kofia, akafungua vifungo vya shati. Nilipiga funda, lakini midomo ilitetemeka, maji yote yakanimwagikia mwenyewe. Nikamwona anataka kucheka.

"Mvumilie," mama yake akasema, "ndiyo kwanza anajifunza."

Funda la pili lilimfikia.

Niliporudi Makoko jioni, shati langu lilikuwa bado bichi kifuani. Njia nzima nilijiona mimi ndiye niliyemfuata Magesa. Kumbe yeye alishatangulia pale nitakapoangukia, akasimama, akanisubiri.