Manowari Iliachwa, Sembuse Usipa

Siku niliyolilia magunia ya usipa ufukweni, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mama yako akisikia hivyo, shauri yake.

Serikali ilikuwa imefungulia watu biashara, kila mwenye miguu akageuka mfanyabiashara. Na mimi Mmatengo wa Mpepai, niliyezoea kulima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, na kuchuma kahawa, nikateremka ziwani Kihagara kununua usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, nikauze Mbinga. Kuogelea sijui. Ningejifunzia wapi, milimani?

Mwenye mtumbwi wa kunipeleka na magunia hadi lilipo gari alikuwa Mzee Haule. Ujana wake alichukuliwa vitani, akachochea makaa kwenye manowari ya Waingereza. Asubuhi ile alinionya, "Mjukuu wangu, upepo wa mwera unakuja. Punguza magunia." Nikamjibu kwamba gari la Mbinga halisubiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Mzee akaguna, akashika kasia. Baadaye alikiri kwamba na yeye alikosea kunikubalia.

Mawimbi yakatupindua. "Shika mtumbwi!" akapiga kelele. Mimi nikakumbatia gunia, maana niliona linaelea. Kumbe usipa mkavu huelea kwa muda tu, ukishalowa unakwenda chini, nami nikawa nakwenda nao. Mzee akauachia mtumbwi, akanifuata, akanizaba kofi hadi nikaliacha gunia, akanivuta. Tuliushikilia ule mtumbwi uliopinduka mpaka wavuvi wakatuopoa.

Ufukweni nikaangua kilio. "Mtaji wangu wote, Mzee!"

Loo! Hasira zikampanda. "Nyamaza! Manowari yetu ilipigwa bomu ubavuni, mchana kweupe. Maji yalipofika kwenye mitambo, nahodha akasema, 'Iacheni.' Baharia mmoja akataka kurudia sanduku lake, tukamkamata wawili. Tukaingia baharini, tukashikilia maboya, tukawa tunaitana majina ili asipotee mtu, mpaka meli nyingine ikaja kutuchukua. Manowari ilizama tukiiangalia. Watu tulipona wote. Chuma chote kile cha Mfalme tulikiacha, wewe unataka kufa na usipa?"

Nikasema, "Nisamehe, babu." Hapo ndipo nilipoona anatetemeka mwili mzima. Alikuwa mzee yule, na nyumbani alikuwa na wajukuu yatima wanaomtegemea yeye tu. Niliona aibu, mwanangu, na mpaka leo naiona.

Basi nisikilize, maana nimesikia duka lako linayumba na unataka kuuza shamba ulitie humo. Kupoteza mali si fedheha. Ikianza kuzama, iache mapema, ungali na nguvu za kushika kingine. Ukiing'ang'ania, usidhani utazama peke yako: mkeo atakufuata kukuokoa, na wanao hawatabaki nyuma.

Mungu akupe riziki. Akiona vema kuichukua, akuachie uhai na watu wako. Nenda salama, mwanangu.