Kuku wa Honorata

Tangu magharibi mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na Honorata amekaa barazani na kuku jike kwapani. Ndani, binti yake Laurentia alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na mtoto hashuki.

Kuku alikuwa wa nadhiri. Kukipambazuka salama, angempeleka misheni. Ndivyo Honorata alivyoishi tangu abatizwe: akikosa, hufagia kanisa, akiogopa, hupeleka kitu. Mwalimu wa darasa la ubatizo alimchoka. "Mama, neema hainunuliwi." Yeye huitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha huchukua ufagio.

"Mama Laurentia!" Mkunga, Bi Biubwa, aliita kutoka ndani. "Mwanao mbishi! Mwambie amtaje mwanamume aliyetoka naye. Mtoto amefungwa na siri hiyo."

Desturi ya wazee ilikuwa hiyo: uzazi ukikwama, mzazi aungame uzinzi wake. Akitaja, mumewe Andrew, aliyekuwa kazini kwenye mkonge huko Soga, angemrudisha kwao. Asipotaja, je?

"Sina wa kumtaja, mama!" Laurentia alilia.

Honorata alijua hasemi uongo. Hata hivyo ulimi ulimwasha: taja yeyote, mwanangu, upone.

"Basi sema wewe, Mama Laurentia," Biubwa alisema. "Labda kosa ni la mama."

Honorata akaanza kukusanya moyoni yote aliyomtendea Mungu: ufagio, mayai, maji ya kisima cha misheni. Yakamwishia upesi. Hayakufika hata kizingitini.

"Laurentia!" aliita. "Usimsingizie mtu. Makosa yetu, yangu na yako, Yesu alikwisha kuyabeba."

"Haya, mchungaji kaanza!" Biubwa alifoka. "Mahubiri hayazalishi! Sukuma, binti!"

Honorata alitaka kuomba, maneno yakakataa. Kukamtoka kuugua tu, kama mnyama: "Baba... Baba..." Mwalimu aliwahi kuwaambia kwamba mtu asipojua aombeje, Roho mwenyewe huugua ndani yake. Siku ile hakuelewa. Sasa aliacha kuugua kuendelee.

Ndani kukawa kimya. Kisha komeo likakwaruza, mlango ukafunguka.

Biubwa alisimama na jasho usoni, na kanga aliyoikumbatia ikalia kwa sauti nyembamba.

"Mkaidi yule hakutaja mtu. Yuko hai. Haya, pokea mjukuu! Utampokeaje na kuku kwapani?"

Honorata akanyoosha mikono yote miwili. Kuku akaruka, akapotelea gizani.