Samli kwenye supu yangu

Mama yangu mzazi amekuwa akinitilia samli kwenye supu. Kwa siri, wiki kadhaa sasa.

Mwezi mzima najitahidi kupunguza uzito, napita mbele ya duka la kuku wa kukaanga hapa Peckham nikitoka kazini, nimeziba pua kwa skafu, nahesabu hatua mpaka kwenye kona. Nikifika nyumbani nakunywa supu ya mboga anayonipikia Mama, basi.

Uzito ulishuka mwanzoni, kisha mizani ikaganda. Nikajilaumu mwenyewe.

Leo nimerudi mapema. Nikamkuta jikoni, kijiko cha samli juu ya sufuria yangu.

"Mama, unatia nini?"

Hata hakushtuka. "Kidogo tu, mwanangu."

"Kila siku?"

"Ulipoanza kukonda tu, wenzangu wa maulidini wakaniuliza, mwanao anaumwa nini? Niwajibu nini mie?"

Nikavaa koti, nikatoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile duka, nikapanga foleni. Nilijiambia nina haki. Muuzaji aliponiuliza nataka nini, nikaona kwamba nikila kwa hasira hii, Mama atakuwa amenilisha tena. Nikamwomba radhi, nikaondoka.

Sasa nimekaa kwenye ngazi za nje ya nyumba yetu na sijui nitaingiaje. Ameshanipigia simu mara mbili, anauliza kama nimekula.

Mngekuwa nyinyi, mngemjibu nini?