Programu ya Simu Inayosubiri Marahaba

Saa mbili asubuhi, kijijini Mkiwa, mkoani Singida. Kwenye baraza la duka la vipuri vya baiskeli, karibu na njia panda, Anastazia Mughwai amepanga simu nne juu ya benchi kama mtu anayeanika michembe ya viazi. Tatu ni nzima. Ya nne kioo kimepasuka, betri imefungwa kwa mpira, na ndiyo anayoithamini kuliko zote.

"Programu ikikubali kwenye hii, itakubali kwa kila mtu hapa," anasema huku akiibonyeza.

Anastazia, mwenye miaka 28, anatengeneza programu za simu. Leo jasho linamtoka na jua hata halijakaza. Saa nane mchana kikundi cha wakulima wa alizeti, wanachama 86, kitapiga kura kama programu yake ya bei ibaki au iondolewe.

Wakiikataa, atarudi Dodoma kwenye kibanda cha kusajili laini alikokuwa hadi mwaka jana. Wakiikubali, kila mwanachama atachanga shilingi elfu mbili kwa mwezi. Si utajiri, lakini atabaki nyumbani akifanya kazi anayoipenda.

Tangu biashara ya mazao iachwe huru, malori huja hadi shambani, kila mnunuzi na bei yake mdomoni. Programu hii humwonyesha mkulima bei ya gunia asubuhi hiyo kwenye mashine za kukamua za Singida, Manyoni na Itigi, asije akauza gizani.

Jambo jema, au siyo? Lakini ilipoanza, watu waliifungua wakaifunga hapohapo. Kwa siku tisa Anastazia alitafuta kosa. Akapunguza picha, akabadilisha rangi, akalaumu mtandao. Kumbe programu ilikuwa inawakaribisha wote kwa maneno haya: "Mambo vipi!"

Mama yake, Leah, ndiye aliyeliona. "Aliniuliza, 'Na mzee Melkizedeki naye umemwambia mambo?' Nilitamani ardhi inimeze," anakumbuka Anastazia.

Mzee Melkizedeki ana miaka 71 na ndiye mwenyekiti wa kikundi. Wanachama wote walikuwa wanajua tatizo, ila hakuna aliyetaka kumwaibisha binti wa watu.

Anastazia akaweka swali la mwaka wa kuzaliwa, ili mkubwa aamkiwe. Wazee wengi hawaukumbuki, wakajaza namba yoyote iliyowajia. Mmoja alijiandikisha kuwa amezaliwa mwaka jana, akaambiwa mambo kwa mara ya pili.

Ndipo Anastazia akabadilisha swali: "Una mjukuu?" Hilo wanalijibu huku wanacheka. Joyce, jirani yake wa miaka 39 aliyepata mjukuu mapema, naye anapewa shikamoo yake na hajalalamika hata siku moja.

Bado. Shikamoo ilikuwa inakaa sekunde mbili na kutoweka. Wazee wakauliza ni mtoto gani huyu anayeamkia na kukimbia. Sasa ipo sehemu ya kubonyeza iliyoandikwa Marahaba, na programu haiendi popote mpaka ijibiwe.

Kila kipande kilichofanya kazi Anastazia hukinakili kwenye kaunta buku, na vijana kutoka Itigi huja kukopi. Ukurasa wa kwanza unasomeka: "Kama ana mjukuu, andika Shikamoo. Subiri jibu. Ndipo ufungue bei." Chini yake kuna kanuni zake. Badili kitu kimoja, kijaribu, ndipo uguse kingine. Weka nakala ya jana kabla ya kugusa ya leo. Usibadili chochote siku ya kuonyesha kazi.

Kanuni hiyo ya mwisho ameivunja asubuhi hii. Jana mwenyekiti alinung'unika kwamba anaamkiwa kila akifungua simu, mara sita kwa siku, wakati mtu akishaamkiwa ameshaamkiwa. Basi Anastazia anaongeza mistari minne ya kukumbuka tarehe ya salamu ya mwisho, na anaomba Mungu isiharibu mengine.

Saa nane, ghala la kikundi limejaa. Mzee Melkizedeki anasimama, anafungua simu, anabonyeza Marahaba. Anaifunga, anaifungua tena. Zinakuja bei moja kwa moja. Anastazia, aliyesimama mlangoni, anashusha pumzi.

"Sasa amekua," mzee anasema.

Kisha anawasimulia wenzake habari za wiki iliyopita. Mnunuzi alikuja na lori akataja shilingi 48,000 kwa gunia. Mzee akatoa simu.

"Nikamwambia, ngoja kwanza, mtoto ananiamkia."

Singida ilikuwa 56,000. Mnunuzi alilipa 55,000. Ghala zima linacheka, na mikono 81 inanyooka juu. Watano waliobaki wanasema hawana simu, ila wakinunua watajiunga.

Anastazia analia kidogo, anajifuta kwa kanga ya mama yake. Msimu ujao anataka programu isalimie kwa Kinyaturu, lugha ya wenyeji wa hapa, na safari hii hataki kupoteza siku tisa. Anafungua kaunta buku, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, palipobaki nafasi finyu, anaandika kanuni mpya.

"Kabla ya yote, muulize mama."